Sumaku Ilipodondoka

Mkaguzi wa magari alichukua bisibisi, akaichomeka chini ya mlango wa dereva, nayo ikazama mpaka kwenye mpini. Aliichomoa, akaipuliza vumbi la kutu, kisha akanitazama mimi niliyeshika usukani kana kwamba ndimi niliyelitafuna lile bati.

"Una mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Likirudi hivi, halitoki hapa kwa magurudumu yake."

Gari lenyewe ni la baba. Ni la zamani, rangi ya maziwa, na ukilitazama kwa mbali bado lina heshima zake. Ukilisogelea ndipo unaona kutu inachungulia kwenye kingo za milango. Baba haliendeshi tena. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo dereva ni mimi, fundi cherehani ambaye sikuwahi kuomba kazi hiyo. Na abiria mkuu wa gari lile si baba wala mimi, ni keki. Mama yangu hupamba keki za ghorofa, zenye maua ya sukari ambayo watu huyanusa kabla ya kukumbuka kwamba ni sukari, na keki ya ghorofa haipandi pikipiki. Tulijaribu siku moja. Kilichomfikia mteja kilikuwa uji.

Bila gari, mama angebaki kuoka vikeki vya majirani, na ile kazi inayomfanya aamke akiimba ingekufa. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, isipokuwa kaka yangu, au alijifanya hajui. Sisi tunamwita Bosi kwa sababu hutoa amri kwa simu. Mkono wake ni wa birika hasa.

"Uzeni kwa watu wa vyuma chakavu," aliniambia siku hiyo hiyo. "Mnang'ang'ania nini na mzoga?"

"Keki utabeba wewe kichwani?" nikamuuliza.

"Nakupa mpaka huo mwisho wa mwezi. Likikataliwa tena, nakuja na lori la kuliburuta."

Nilikata simu kabla sijamwambia la kumwambia. Nikaenda kumtafuta fundi wa bodi.

Fundi wa bodi wa karibu yetu anaitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Alikuja na mikono yake mifukoni, akalizunguka gari huku akisimulia magari yote aliyowahi kuyafufua, na mwisho akataja bei ya kulinyoosha lote na kulipiga rangi upya. Nilikaa chini kwenye ngazi.

"Usizimie, dada," akasema. "Hiyo ni bei ya mtu anayetaka gari la kwenda nalo kwenye picha. Wewe unataka nini?"

"Nataka mkaguzi aridhike na mama apeleke keki zake."

"Basi mambo ya sura tunayaacha. Mkaguzi hana ugomvi na sura. Ana ugomvi na matundu. Tena nikuibie siri: kazi ya bodi sehemu kubwa si ufundi, ni kukwangua. Na kukwangua hata wewe unaweza. Mnikwangulie mpaka bati jeupe, mimi nije na mashine nichomelee viraka tu. Utanilipa viraka, hutanilipa jasho."

Nilimwelewa upesi. Katika kazi yangu, mteja akiniletea suruali iliyochakaa magotini sishoni kiraka pale pale palipooza. Nakata mpaka nifike kwenye kitambaa chenye nguvu, ndipo sindano inaingia. Sikujua kwamba bati nalo lina tabia za kitambaa, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko hali yetu ilivyostahili. Mama husema pua yangu ilizaliwa kwanza, mimi nikafuata baadaye. Nikiona kitu nisichokielewa siwezi kukipita.

"Kwanza tujue wapi ni bati na wapi ni puti," akasema Redio. "Puti ni ule udongo wa kuzibia mabonde. Una sumaku?"

Nilikuwa nayo, ile ya kuokotea pini sakafuni. Nikaizungushia kitambaa nisikwaruze rangi, nikaanza kuigusisha kwenye bodi, kipande kwa kipande. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Tak. Boneti. Tak. Mlango. Tak. Paa. Kila ilipojishika alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unapoteza wakati," akasema. "Bodi ya gari hili haijawahi kuguswa. Nimeendesha maisha yangu yote, sijagonga hata kuku."

"Na bampa la nyuma, baba? Limebonyea."

"Hilo umelibonyeza wewe sokoni. Na bampa si bodi, ni plastiki."

"Na vibonyeo vya kwenye boneti?"

"Mvua ya mawe. Hiyo kazi ya Mungu, haihesabiki."

Redio akacheka. Nami nikafika nyuma, upande wa kushoto, juu ya tairi. Nikaweka sumaku. Ikadondoka.

Niliiokota nikaiweka tena, juu kidogo. Ikadondoka. Nikaisogeza kushoto, kulia, chini. Eneo la ukubwa wa sinia zima, sumaku ilikuwa inateleza kama imewekwa kwenye ukuta. Redio alikuja, akagonga kwa kifundo cha kidole, akainama akatazama kwa ubavu, akanyamaza. Kumsikia Redio amenyamaza kulinitia wasiwasi zaidi ya bisibisi ya mkaguzi.

"Mbona kimya?" baba akauliza.

"Mzee, hapa paligongwa," akasema Redio. "Tena si kidogo. Ila aliyepaziba alikuwa na mkono, si utani. Mimi mwenyewe jicho langu limepita hapa mara mbili."

Baba alisimama. "Gari hili? Lilikabidhiwa kwangu jipya, nikaliendesha nikiwa kazini, nikapewa siku ya kuagwa. Nani aligonge na lini? Sumaku yenu ni mbovu."

Mama alikuwa ametoka jikoni na bakuli la krimu kwapani, mwiko ukiwa bado umesimama ndani yake. "Hapo pazuri," akasema. "Mnaacha palipotoboka mnahangaika na palipo pazima? Hapo msipaguse." Akarudi ndani, na mlango ukagonga nyuma yake.

Tukaanza na palipotoboka. Nilivaa gauni langu la zamani, nikafunga kitambaa puani, nikalala chini na brashi ya waya. Sitaki kudanganya mtu, ni kazi chafu, na kutu huingia mpaka kwenye mate. Lakini ilikuwa kazi ya kunishangaza kila saa. Kuna mahali rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge, nikadhani kuna jambo kubwa. Nikakwangua, chini yake kutu ilikuwa ya juu juu tu, bati zima. Na kuna mahali rangi ilikuwa laini kabisa, nikabonyeza kwa dole gumba, dole likapita. Redio alinifundisha kupaka dawa ya kutu pale ambapo bati halijatoboka. Unaipaka ikiwa maji maji, unakaa, na ule wekundu unaanza kugeuka mweusi mbele ya macho yako. Nilikaa kwenye ndoo nikautazama mpaka chai yangu ikapoa. Mama alipita akaniuliza kama nasubiri litamke jambo.

Bampa tulilirudisha bure. Redio alimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika, akaniambia nipitishe mkono kwa ndani na kusukuma. Plastiki ile ilikuwa imelegea, nikasukuma, ikaruka kwa kishindo ikarudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Baba alisikia ule mlio akacheka peke yake mlangoni. Vibonyeo vya mvua ya mawe tuliviacha. Kimoja nilijaribu kukivuta kwa ule mpira wa kuzibulia sinki, ukavutika mpira, bonde likabaki pale pale.

Siku ya kuchanganya puti ya kingo za milango, Redio alichelewa. Nilikuwa nimefungua kopo na nimeminya ile dawa ya kukazia, nyingi, maana nilitaka ikauke haraka. Mama akanipokonya ubao.

"Ukiweka hivyo itakukaukia mkononi kabla hujapaka. Kidogo tu, kama punje ya maharage. Koroga mpaka rangi iwe moja, usiache mistari."

"Umejulia wapi?"

"Ni kama krimu," akasema, na akaondoka haraka mno.

Sasa mtu mwenye pua ya kawaida angeishia hapo. Mimi jioni hiyo, wakati jua limelala na mwanga unapita kwa ubavu, nilichukua msasa laini nikaenda nyuma, upande wa kushoto. Nilijiambia nasugua kidogo tu, nione. Rangi ilitoka, ikabaki puti ya kijivu, na juu ya puti nikaona alama za kisu kilichoipaka. Zilikuwa kama matao marefu, moja kando ya jingine, na kila moja liliishia kwa mkia mdogo uliopinda kwenda juu.

Ule mkia naujua tangu sijajua kusoma. Uko ubavuni mwa kila keki iliyowahi kutoka jikoni kwetu.

Nilimkuta mama anasawazisha ghorofa ya chini ya keki, anaizungusha kwa mkono wa kushoto na kisu cha bapa kimetulia katika mkono wa kulia.

"Mama," nikasema, "ile puti ya nyuma uliipaka kwa kisu hicho?"

Hakuacha kuzungusha. "Hiki kipya. Kile nilikitupa, hakikutakata."

Nilivuta kiti. Alimaliza mzunguko, akafuta kisu, ndipo akanisimulia kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango.

Ilikuwa wiki ile kampuni ya baba ilipowaondoa madereva wote. Walimpa gari alilokuwa akiliendesha, wakampa na mkono wa kwaheri. Alikaa ndani siku kadhaa hataki kula, kisha akapanda basi kwenda kumweleza kaka yake mkubwa. Alipokuwa huko, mama alikuwa na keki ya harusi, kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na mtu wa gari aliyemkodi hakutokea. Simu haishikwi. Bibi harusi anamsubiri. Mama alitazama keki, akatazama gari uani. Hakuwahi kushika usukani. Alikuwa amekaa kando ya baba miaka mingi akiangalia miguu yake.

"Nikaiweka keki kiti cha nyuma, nikaifunga kwa khanga, nikaenda."

"Ukaenda! Peke yako?"

"Sasa ningemchukua nani ashuhudie? Nilifika. Wakati wa kurudi nilijitia ujuaji, nikataka kuingia getini kinyumenyume kama baba yako anavyoingia. Nguzo ya geti ikaingia kwenye gari."

Bati lilikuwa limebonyea na kuchanika. Alienda dukani akauliza, muuzaji akamwonyesha kopo la puti, akampimia na rangi. Akapaziba mwenyewe kabla baba hajarudi. Baba aliporudi hakuwa mtu wa kutazama chochote.

"Na ndani ya ule mpasuko uliweka nini?" nikauliza. Hilo lilikuwa linaniwasha.

"Karatasi ya kuokea. Puti ilikuwa inadondokea ndani, nikajaza karatasi, nikapaka juu. Keki ikipasuka ndivyo tunavyofanya. Unajaza, unapaka, hakuna anayejua."

"Keki huliwa kesho yake, mama."

Alifuta tena kisu kilichokuwa kimekwisha kutakata. "Ndiyo," akasema. "Hilo sikuliwaza."

"Basi mwambie tu baba. Unamwogopa mpaka leo?"

Mama alinitazama kwa hasira ambayo sikuitarajia. "Nimwogope yule? Mimi? Mtu akipoteza kazi aliyoifanya maisha yake yote, akarudi nyumbani, kitu pekee anachowaambia watu ni kwamba gari lake halijaguswa, wewe utakwenda kumwambia limeguswa, tena na mkewe? Alikuwa hana kingine cha kusemea. Sasa macho nayo yameenda. Anaamka, anakaa kile kigoda, anawaambia wapita njia habari ya gari lake. Nimwondolee na hilo?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona upindo mmoja mara tatu.

Kesho yake nilimvuta Redio pembeni nikamuuliza swali langu kwa kuzunguka zunguka: kama mtu ataamua kupaacha pale nyuma palivyo, je, mkaguzi atapaona?

"Pale? Hapaoni, nakuapia. Mimi sikupaona." Kisha akajikuna shingo. "Lakini chini ya pale ndipo shokapu, ile ya kuzuia gari lisirukeruke, imeshikilia. Kama kuna kitu kinatunza maji humo ndani, kutu imekuwa ikila kimya kimya. Ikifika kwenye shokapu, siku moja mko njiani, tairi linapiga shimo, shokapu inatoboa inatokea ndani. Na anayekaa nyuma na keki mapajani ni nani?"

"Mama."

"Haya."

"Na kama haijafika?"

"Mpaka pafunguliwe, dada. Mimi si nabii."

Tangu nizaliwe nimekuwa nikitaka kujua kila kilichofunikwa. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilitamani chini ya kifuniko pasiwe na kitu chochote. Nilimwambia mama maneno ya Redio yote, nikamwambia uamuzi ni wake, nikaondoka jikoni kabla hajaniuliza ninavyofikiri.

Asubuhi yake Redio alikuja na mashine ya kuchomelea, viraka vya bati na hadithi mpya. Baba alikuwa kwenye kigoda. Mama akatoka na aproni yake kiunoni, akamnyang'anya Redio nyundo na patasi.

"Mume wangu," akasema, "sogea huku usikie vizuri."

Baba alisogea, mkono mmoja ukipapasa ubavu wa gari. Mama akaweka patasi juu ya tairi la nyuma, upande wa kushoto, akapiga. Alipiga kwa nguvu kama anavunja nazi. Pigo la tatu, bonge la puti likabanduka likaanguka chini.

"Kimeanguka nini?" baba akauliza.

"Puti. Niliipaka mimi. Hapa niligonga mimi." Na akasema yote, amesimama wima, nyundo mkononi, mbele ya Redio na mbele yangu: keki, mwenye gari la kukodi, barabara, geti. Hakuomba radhi na hakulia. Sababu ya kuficha hakuisema, na baba hakuiuliza.

Baba alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yake. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Na keki?" akauliza.

"Ilifika. Hata ua moja halikudondoka."

Baba alitikisa kichwa mara moja, akashika ukuta, akaufuata mpaka mlangoni, akaingia ndani.

Chini ya puti palikuwa na karatasi ya kuokea, nyeusi, imelowa, inanuka kama jiko la mtu aliyehama. Redio aliivuta yote, ikafuata kutu, mkono mzima wa kutu, na ilipokwisha tulikuwa tunatazama tairi kupitia tundu la ukubwa wa sahani. Mama aliweka mkono mdomoni. Redio akashika bisibisi, akainama, akaanza kuchoma kingo za bati kuelekea pale shokapu ilipokaa. Ilizama. Ikazama tena. Mara ya tatu ikagoma. Akachoma pembeni, ikagoma. Akazungusha kote, na kila mahali ilitoa mlio mkavu wa chuma kizima.

"Imebakiza upana wa vidole tu ifike kwenye shokapu," akasema. "Ingepata mvua za mwaka mmoja mwingine, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama alisema, "Kata," na Redio akawasha grenda, ile mashine ya kukatia bati.

Alichomelea kiraka pale, akachomelea na chini ya mlango wa dereva, na kwa ndani akapaka lami ili maji yasikae. Puti ya juu mama hakumwachia mtu. Aliipaka juu ya bati jeupe, nyembamba, kwa kisu chake, nami nikasugua msasa na kupaka rangi. Kazi ilipendeza. Lakini nyumba haikupendeza. Baba alikuwa anakula, anajibu salamu, anasikiliza taarifa ya habari, na hatoki. Kigoda kilikaa mlangoni peke yake. Mama aliacha kuimba jikoni. Usiku nilijilaumu, nikamlaumu Redio, nikamlaumu aliyevumbua sumaku. Gari tulikuwa tumeliokoa, na mama alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake kwa ncha za vidole.

Siku ya kurudi kwa mkaguzi, nilimkuta baba amekwisha vaa. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, sijui alivipakaje.

"Naenda nanyi," akasema, akakaa mbele. Mama akakaa nyuma.

Mkaguzi alikuwa yule yule, na bisibisi ile ile. Aliichomeka chini ya mlango wa dereva, ikagoma. Akatazama taa, breki, tairi. Watu wenye magari yao walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu, wengine wameshuka wanapunga upepo. Kisha akafika nyuma, upande wa kushoto, akasimama. Rangi yangu ilikuwa mpya mno, na yeye hakuajiriwa jana.

"Hapa mmepaka juzi juzi," akasema. "Mmeficha nini?"

Nilifungua mdomo kumweleza habari ya kutu tu, ya kawaida, ya umri wa gari. Baba akanitangulia. Alikuwa ameshuka, mkono juu ya paa, na alisema kwa ile sauti yake ya mlangoni, ya kusikika na wapita njia.

"Hapo paligongwa! Mke wangu alipagonga."

"Mzee," mama akanong'ona kutoka dirishani, "nyamaza, hajasaini."

"Sinyamazi. Bwana mkaguzi, huyu mama hajawahi kufundishwa na mtu yeyote kuendesha. Mimi sikuwepo. Alikuwa na keki ya harusi, ndefu hivi, akaiweka humu, akaendesha mwenyewe, akaifikisha haijadondoka hata ua. Mimi nimekuwa dereva maisha yangu yote, keki ile nisingeithubutu. Aligonga akirudi, tena kwenye geti lake mwenyewe, hakumgusa mtu. Akapaziba kwa kisu cha keki, na mimi niliyekuwa na macho kama ya mwewe sikuona kitu. Gusa! Pitisha mkono hapo uone kama utajua kiraka kinaanzia wapi."

Kwenye foleni mtu alicheka, mwingine akauliza, "Mama, geti lilikukosea nini?" Mkaguzi hakucheka. Alipiga goti, akamulika tochi ndani ya tairi, akatazama kwa muda mrefu mahali Redio alipochomelea, akagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati likajibu vizuri. Aliposimama akapitisha kiganja juu ya rangi, polepole, kwenda na kurudi, na nilimwona akitafuta ukingo asiupate.

"Umeipaka wewe, mama?"

"Mimi," mama akasema.

Akasaini.

Niliendesha mpaka nje ya lango, nikaegesha kando, nikazima injini. Nyuma mama alikuwa analia waziwazi, anafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nilidhani nimekuvunja," akamwambia baba. "Siku zote hizi hukusema neno."

"Nilikuwa najaribu kuiona ile safari," baba akasema. "Wewe ukiwa kwenye usukani. Nimeipita barabara yote kichwani, kona kwa kona, na kuna mahali nakwama." Akapapasa kichwa cha gia. "Ungeniambia siku ile, ningelia."

"Siku ile ulikuwa umelia vya kutosha."

Baba aligeuka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa gia, akaelekeza uso nyuma kwenye sauti ya mama, na nikaona ile pua yangu nimeirithi kwa nani.

"Sasa niambie. Pale kwenye mteremko mkubwa, uliweka gia gani?"

"Ya kwanza."

"Na kwenye barabara kuu?"

"Ya kwanza. Nilikuwa sizijui nyingine."

"Njia nzima?"

"Njia nzima. Watu walikuwa wananipita kwa miguu."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho, akaanza tena kucheka. "Na rivasi, mwanamke wee? Rivasi uliijulia wapi?"

"Hiyo ndiyo nilikuwa siijui," mama akasema.